Mashine Ndogo ya Kukausha Nguo

Kwenye Probox ya kwenda Ruring'u, jamaa aliyejitambulisha kama Gathogo alimwambia mama aliyeketi kando yangu kwamba anakusanya mashine ndogo za kukausha nguo, zile za zamani wazungu waliacha mashambani. Anazipenda tu, hauzi.

“Ati kupenda,” mama akasema. “Na jua liko. Sema ukweli, ndani kuna madini.”

“Ni ngoma ya kuzungusha nguo na waya tu, mama.”

“Hata yule alichukua cherehani ya shosho, nyanya yangu, alisema hivyo.”

Nikamtazama Gathogo viatu. Vilikuwa safi mno kwa mtu wa vyuma kuukuu.

Gari liliposimama, mama alishuka, kisha akainama dirishani. “Na kama kuku amelalia mayai ndani ya mashine, utangoja yaanguliwe?” akauliza. “Mimi sina. Nauliza tu.”