Marehemu Zita Sikazwe, Aliyesubiri Cheti cha Baraza

Marehemu Zita Sikazwe alizaliwa Msanzi tarehe 9 Machi 1931, mtoto wa pili wa mzee Adriano. Shule alisoma miaka mitatu tu, akaachishwa ili amlee mdogo wake, Ignasi. Kusoma hakusahau.

Tarehe 14 Agosti 1951 alifunga ndoa kanisani na Leonsi Kapele, wakahamia Katandala, wakajaliwa Wilibrodi na Kristiana. Leonsi alifungua duka. Zita alilima ulezi, akapika pombe, akauza, na kwa fedha hiyo wakajenga. Matofali alifyatua mwenyewe. Siku moja fundi alijenga ukuta ukapinda. Zita akautazama weee, kisha akasema, "Fundi, pombe nimekupa wewe, mbona ukuta ndio umelewa?" Fundi akaubomoa huku anacheka.

Mwaka 1968 Leonsi alihamia kwa mwanamke mwingine. Duka likafa, wadai wakampeleka mahakamani, na Machi 1973 akatangazwa mufilisi. Nyumba ikaandikwa kuwa mali yake, ya kuuzwa. Karani wa mahakama akamweleza Zita kwamba Sheria ya Ndoa, ile mpya ya mwaka 1971, inampa mke sehemu ya walichochuma pamoja, lakini mpaka ndoa ivunjwe. Na mahakama haivunji bila cheti cha baraza la usuluhishi, kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Baraza lao lilikuwa la parokia. Zita alikwenda mara kumi na moja. Leonsi hakutokea hata mara moja, na kila mara wazee walisema apewe nafasi nyingine. Mwisho mwenyekiti, mzee Zenon, alimwambia wazi, "Mama Kristiana, mkono wangu hauwezi kuandika kwamba tumeshindwa. Hii ni sakramenti."

"Basi mzee, andika kwamba mimi ndiye nimeshindwa," Zita akajibu. "Hilo ni kweli."

Hakuandika.

Nyumba iliuzwa Juni 1975. Zita alihamia kwa Ignasi, akalala jikoni kwa sababu vyumba havikutosha. Baridi ya mwezi ule ilimwingia kifuani. Alilazwa mara mbili, hakupata nafuu, akafariki tarehe 2 Agosti 1976, saa nne asubuhi. Siku tatu kabla alikuwa ameuliza kama baraza linakaa Jumamosi.

Ameacha watoto wawili, Wilibrodi na Kristiana, na mdogo wake, Ignasi. Ndugu waliomba jina la Leonsi lisisomwe hapa kati ya aliowaacha. Karani aliulizwa, akasema ndoa haikuvunjwa. Kwa hiyo linasomwa: ameacha na mume, Leonsi Kapele.

Mungu ampe Zita pa kupumzika.