Maharage Niliyowalisha

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu. Nikimaliza sijui kama mtaniitikia tena.

Ndugu zangu wa jumuiya, nawaambia jambo linalonitia kinyaa hadi leo. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na duka la ushirika likabaki tupu, dawa ya kuzuia wadudu ghalani tulianza kununua kwa wachuuzi wa gulioni. Nikanunua vifuko visivyo na jina, nikachanganya na maharage yangu yote, ya kula na ya mbegu. Kumbe chokaa tupu!

Mkwe wangu huyu, mnamjua, ametoka ziwani, alikuwa ameniletea majani makavu ya utupa. "Mama, kwetu tunayatwanga, tunachanganya na nafaka, wadudu wasiingie." Nikamjibu vibaya: "Hayo mnaulia samaki. Huku milimani hatuli sumu." Nikayamwaga jalalani mbele yake.

Haikupita miezi miwili, gunia likapata joto. Nikitia mkono, fukusi wananitambalia mpaka kwapani. Maharage matundu matupu, na ule unga wao unanuka uchachu. Ptu! Hata sasa mate yananijaa.

Ndipo zamu ya sala ya jumuiya ikafika nyumbani kwangu. Wageni waondoke na njaa? Niliona aibu. Nikayabandika jikoni. Wadudu wakaelea, nikawaengua kwa upawa, wakaelea wengine. Nikazidisha vitunguu. Ndiyo, mliyala. Msitazamane.

Mzee mmoja akalamba vidole: "Mama, leo umetia nyama?"

Nikakimbilia nyuma ya jiko, nikatapika. Aliyenishika kichwa ni mkwe wangu, na hakunisuta.

"Mwanangu, yale majani niliyatupa," nikamwambia.

"Nilipanda mengine, mama. Yako nyuma ya migomba."

Tulichambua gunia zima punje kwa punje. Mbegu nzima hazikujaa ungo. Tukazianika, tukatwanga utupa kwenye kinu kisichotwanga chakula, tukachanganya. Zile ndizo zilizorudi shambani, na mavuno yake tumeyahifadhi vivyo hivyo. Ya kula tunayaosha mara tatu kabla ya kupika.

Namshukuru Mungu, nakushukuru mwanangu, na ninyi nawaomba radhi. Usidharau jani kwa sababu ya aliyelileta.

Chakula cha leo ni maharage. Mabichi yake haya hapa kwenye ungo, pitishianeni. Atakayeona tundu hata moja, asile. Mzee wa nyama, anza wewe.