Mama Kasiani na Utando wa Ndani ya Shavu

Mwalimu Winfrida Nandonde, ambaye wengi wetu hatujui kumwita kwa jina jingine zaidi ya Mama Kasiani, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kufundisha Biolojia kwa miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Chiwata, akaanza kazi Masasi mjini, kisha akahamishiwa huku juu Newala. Aliambiwa atakaa kwa muda tu. Shule yetu ya Sekondari Nantanda haikumwachia tena.

Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wapya kwamba mwili haukai uchi popote. Nje umevaa ngozi, na ndani kila kitu kimevaa utando wake, kuanzia mdomo na koo mpaka tumbo na mapafu. Hata moyo una mfuko wake. Tishu za epithelia, yaani hizo tando zenyewe, ambazo kwa wengine ni mada ya kukariri na kusahau, kwake zilikuwa habari za mtaani. Ukipita karibu na maabara ungedhani anawasema majirani.

Kwa mafunzo ya vitendo alikuwa na mtu wake sokoni, Twahiru muuza nyama, baba yake Yunusi. Siku moja alimwagiza utumbo wa mbuzi, na Twahiru, kwa heshima aliyonayo kwa mwalimu wa watoto wake, akaukwangua ndani na kuuosha mpaka ukang'aa. Utando uliotakiwa darasani ulikuwa umekwenda na maji. Kipindi kikaahirishwa, na walimu tukala supu nzuri sana. Tangu hapo alimwagiza kwa sauti, wateja wote wakisikia: "Baba Yunusi, niletee mchafu hivyo hivyo!"

Lakini zaidi ya yote tunamsifu kwa mwaka ule wa ukaguzi. Wanafunzi wa sayansi walikuwa wachache, hadubini ilikuwa moja, na tulikwishaambiwa wazi: wakaguzi wakikuta mafunzo ya vitendo ni maneno matupu, mkondo wa sayansi unafungwa na watoto wanahamishiwa Masasi. Wazazi wengi wasingemudu bweni. Faidha, binti wa kijiji cha Mkunya aliyekuwa akiongoza darasa, alijua kwamba mkondo ukifungwa yeye anabaki nyumbani.

Mama Kasiani alichagua somo lisilohitaji kununua kitu. Kila mwanafunzi akwangue taratibu ndani ya shavu lake, apake kwenye kioo, atie tone la rangi, aone chembe hai zake mwenyewe, yaani seli. Walipofanya majaribio hawakuona cha maana, ila vipande vilivyochanika na takataka. Sote tukailaumu hadubini, na mkuu wa shule akaanza kuulizia ya kuazima. Mama Kasiani akakwangua shavu lake, akatazama, akaona chembe zimekaa bapa kama vigae, safi kabisa. Akawageukia wanafunzi. "Fungueni midomo!"

Midomo ilikuwa imebabuka. Ulikuwa msimu wa korosho, na watoto wetu hawana subira ya moto. Korosho changa huipasua kwa meno, na mafuta ya ganda huwachoma midomo na mashavu. Mgeni angedhani ni ugonjwa. Sisi tumezoea, ndiyo maana hakuna aliyeona ajabu.

Hakumchapa mtu. Alieleza kwamba utando wa mdomo huota upya haraka kuliko ngozi ya nje, ukiachwa upumzike. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba watoto wapewe korosho za kuchoma tu mpaka ukaguzi uishe. Kumfundisha mkulima wa hapa habari za korosho yake si kazi ndogo. Mzee Jafari, babu yake Faidha, alimkazia macho. "Mwalimu, kwani umesomea midomo ya watu?"

"Shikamoo tena, Mzee wangu. Ndiyo, nimesomea."

Mzee akacheka, akaitika marahaba, na kesho yake korosho za kuchoma zikafika shuleni, ndoo nzima.

Wakaguzi wakaja. Faidha akakwangua, akapaka, akatia rangi, akasogea pembeni. Mkaguzi mkuu aliinamia hadubini muda mrefu, tukadhani kasinzia. Kisha akauliza imekuwaje chembe zinaonekana vizuri namna ile.

"Hatukutafuna korosho mbichi, Baba," Faidha akasema. "Mama Kasiani katukataza."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Wanafunzi waliofuata nao, mmoja baada ya mwingine, waliziona chembe zao. Nasema bila kuficha kwamba nililia, na mimi ni mwalimu wa Jiografia.

Mkondo haukufungwa. Faidha alimaliza masomo na leo ni tabibu Masasi. Januari hii wazazi wameleta watoto wengi wa sayansi hata tukaazima madawati kutoka bwalo la chakula.

Mama Kasiani, asante kwa kututetea. Tunakuombea afya njema, mavuno ya kutosha huko Chiwata, na asubuhi zisizo na kengele. Mkondo wa sayansi uko hapa hapa Newala, na hauhami. Nenda kapumzike, mama.