Baleine Njiani Kwenda Mtwara

ORPA: Haloo? Nani huyu anaita na namba ndefu hivi?

VAGHENI: Ni miye, Vagheni! Bwana yako! Habari ya Butembo?

ORPA: Baba Léa! Siku ine tunakutafuta! Huku basoda ya rebellion, bale ba bunduki, balikula kuku yote, hata ile ya kutaga. Weye uko wapi?

VAGHENI: Mu bateau. Kontena yetu baliishusha Mtwara, donc naifuata. Tangu Dar es Salaam, siku mbili juu ya maji. Mama Léa, ni muzuri! Upande moja minazi, upande ingine bahari tu, na— [krrr] —eee! Baleine!

ORPA: Nani?

VAGHENI: Baleine! Tatu!

ORPA: Ba Hélène? Hélène wa Kipese? Ule ulitaka kuoa mbele ya kunioa?

VAGHENI: [krrr] —banene sana! Banaruka, banaonyesha tumbo, batu bote banapiga makofi—

ORPA: Tumbo! Mbele ya batu!

VAGHENI: Moja iko na mutoto pembeni.

ORPA: Mutoto wa nani, Vagheni?

VAGHENI: Nitajua namna gani? Baba yake haonekane.

ORPA: Jéthro! Ndugu yangu! Leta pikipiki, funga matela yangu ya kulalia. Narudia kwa baba, kule Mutwanga!

VAGHENI: Mais unaenda wapi? Ni samaki!

ORPA: Weye! Mutu ulimuchumbia, leo unamuita samaki?

VAGHENI: Orpa, sikia: ba-lei-ne! Neno moja! Samaki ile ilimeza Yona!

ORPA: [krrr] ...Yona wa Biblia?

VAGHENI: Njo ile!

ORPA: Aa! Nyangumi! Si useme nyangumi! Jéthro, fungua matela. Na weye shuka mara moja, itakumeza!

VAGHENI: Nishuke wapi? Ni bahari!

ORPA: [anacheka] Kumbe niliudhika bure. Nilifikiri ni ule Hélène.

VAGHENI: Hapana! Hélène hawezi kupanda bateau, maji inamutapisha. Alibaki Dar, mu hoteli—



ORPA: Hoteli gani?

VAGHENI: Haloo? Krrr. Réseau hapana. Unité ya simu inaisha. Krrr, krrr.

ORPA: Vagheni, krrr ile ni mudomo yako.

VAGHENI: Krrr.

ORPA: Jéthro! Matela!