Kiti cha Dereva Hakirithiwi

“Nani alimjaribu huyu kijana kabla hajakabidhiwa gari la mafuta?”

Swali hilo liliulizwa hapa hapa uani, siku tulipomzika kaka yenu Elifuraha, na aliyeliuliza hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa Nkasiogi, mama wa Kimaasai kutoka kule Duka Bovu, aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe Parsimei, yule aliyelikimbilia gari lililolala ubavu ili amtoe Elifuraha ndani ya kabini, moto ukawachukua wote wawili. Alisimama mbele ya wazee, akauliza, akasubiri. Na ninyi mlimjibu nini? Baba yenu mdogo Solomoni, huyu aliyekaa hapo mlangoni ameshika kofia, alimwambia, “Mama, karibu chakula.” Mtu anauliza kilichomuua mwanawe, anapewa sahani ya machalari!

Evelyn, ninyanyue kidogo. Weka mto hapo. Basi, inatosha.

Wanangu, daktari amenirudisha nije kufia nyumbani, ingawa yeye alilisema kwa maneno laini, kwa hiyo leo nitasema na hakuna atakayenikatiza. Shemeji Solomoni, keti. Ukitaka kubisha utabisha nikishazikwa, tena utabisha na ukuta.

Jibu la yule mama ni hili: hakuna aliyemjaribu. Hakuna! Baba yenu Aminieli, Mungu amrehemu, aliendesha magari ya mafuta ya shirika la umma mpaka nywele zikawa nyeupe, na leseni yake ya magari makubwa, peke yake, haikutosha kumpandisha kwenye tangi. Walimrudisha darasani. Walimfundisha kuzima moto, kufunga na kufungua vali, kuunganisha waya wa kutuliza umeme kabla ya kushusha mafuta, kisha mkufunzi akakaa pembeni yake wakateremka mlima na tangi likiwa nusu, ndipo kwenye leseni yake wakaongeza ruhusa ya kubeba mafuta. Alirudi siku hiyo akanichekesha hapa jikoni. “Mama Elifuraha,” akasema, “wewe ungefaulu kabla yangu, si unabeba ndoo kichwani?” Na ni kweli, kila mwanamke wa Meru anajua kwamba ndoo iliyojaa hutulia, ila ya nusu hukuyumbisha shingo, ndiyo maana tunaweka majani juu ya maji. Mafuta si magunia ya mahindi, wanangu. Gunia hukaa pale lilipowekwa. Mafuta hutembea. Ukifunga breki yanakuja kukusukuma mgongoni, ukikata kona yanahamia upande ule ule gari linakolalia, na asiyefundishwa hilo hujifunza mara moja tu.

Kisha soko likafunguliwa, ndiyo neno lenyewe, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta mafuta na kila mwenye chuma akaruhusiwa kuyabeba, na baba yenu akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari lake mwenyewe. Silaumu. Tulikula, tulisoma, tuliezeka. Lakini wakati mlango ulipofunguliwa kwa mali, mkadhani umefunguliwa pia kwa ujinga.

Alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mkagawana. Sipingi mila, mimi ni Mmeru wa Poli, nimezaliwa ndani yake. Fimbo ya marehemu ikaenda kwa mkubwa, sawa. Koti likaenda kwa mkubwa, sawa. Halafu mkamtoa Elifuraha nje, mkamvalisha lile koti, mkampandisha kwenye kiti cha baba yake, Solomoni akatemea pombe ya baraka kwenye usukani, akasema, “Kaa ulipokaa baba yako,” na akina mama wakapiga vigelegele. Kijana alikuwa akiendesha Hiace ya abiria ya Kwa Mrombo! Nikasema, jamani, kiti hiki si fimbo. Nikaambiwa mwanamke hasemi kwenye kugawana. Wiki ile ile Solomoni akampeleka mjini kuchukua leseni, wakaondoka wamekunywa chai, wakarudi kabla ya chakula cha mchana, na ile ruhusa ya mafuta imegongwa muhuri inang'aa. Nikamuuliza mwanangu, “Mtihani ulikuwaje?” Akacheka. “Mama, baba mdogo anajuana na watu.”

Anajuana na watu. Na mteremko, je, anajuana nao? Mafuta yanamjua Solomoni?

Ninyi watoto wangu mlisoma kipaimara miaka miwili, mkakariri Katekisimu mpaka mkaiota, mchungaji akawauliza mbele ya usharika mzima kabla hamjaruhusiwa kuonja divai ya kijiko kimoja. Kijiko kimoja! Na kwa tangi zima la petroli linalopita mbele ya shule na masoko, mkaona pombe ya kutemewa inatosha.

Mtasema ilikuwa ajali, mapenzi ya Mungu. Nimelisikia sana hilo, hata kanisani. Elifuraha alishusha nusu ya mzigo Kisongo, akaendelea Makuyuni na nusu iliyobaki, akateremka kwa mwendo wa Hiace, ng'ombe wakavuka, akakanyaga breki kama alivyozoea kukanyaga. Mungu amefanya nini hapo? Mtasema hata wenye ruhusa halali hupata ajali. Ndiyo, na hata waliobatizwa huiba, mbona hamjafunga makanisa? Mtasema kila mtu mjini anafanya hivyo hivyo. Kama kila mtu anafanya, basi kila mtu anaua, na mimi sikuwazaa ninyi muwe kila mtu.

Maji, Evelyn. Kidogo tu... ahsante.

Sasa nasikia kilichopangwa nyuma ya mgongo wangu. Nimelala, sijawa kiziwi. Mmeleta gari jingine. Mmeandika jina la marehemu kwenye bamba la mbele, “Elifuraha,” kwa rangi nyekundu, kama tangazo la soda. Jumamosi mnampandisha Yoeli, kitinda mimba wangu, kwenye kiti, mnamtemea pombe, na Jumatatu anachukua mzigo wa Makuyuni, barabara ile ile, na leseni yake imeshapatikana kwa njia ile ile. Shemeji, usiiname. Mimi sikuchukii. Ulinibebea mbolea mgongoni mwaka nilioumwa, ulilia kuliko mimi tulipomzika kaka yako. Lakini mapenzi yako yana haraka, na haraka yako imeshanichukulia mmoja.

Shikeni maneno haya. Kihamba, shamba letu hili la kahawa, na nyumba hii ni vya Yoeli, ndiye wa mwisho, mila imesema nami nimekubali. Ng'ombe wote wawili ni wa Evelyn, na asije mtu kumwambia binti harithi ng'ombe, kwa sababu ni yeye aliyewakatia majani. Gari si la mtu. Litakaa hapo nje, lifutwe lile jina, lisisogee. Yoeli ataenda chuoni Dar es Salaam afundishwe upya, kisha atakaa kiti cha pembeni na Mzee Ephraimu, yule wa Kaloleni aliyeendesha na baba yenu, mpaka Ephraimu mwenyewe aseme tosha. Halafu ajaribiwe, na tangi likiwa nusu, kwenye mteremko, na mtu asiyejuana na Solomoni. Akifaulu, gari ni lake, na hapo mtemeeni pombe mpaka alowe, sitakataa. Akishindwa, liuzwe, alime kahawa. Hakuna aibu ndani ya kahawa.

Na mtaenda Duka Bovu. Wote, si kumtuma mtu. Mtamwamkia Nkasiogi, mtakaa chini, mtamjibu swali lake kwa maneno mafupi: hakuna aliyemjaribu. Msimwongezee “lakini.”

Sauti... inapungua. Sogeeni.

Mungu aliyemvusha baba yenu kwenye kila mlima awape miguu mizito kwenye mteremko, na ulimi mwepesi pale wengine wanaponyamaza. Evelyn, nakubariki. Shemeji... nawe pia, nimekubariki, usilie. Yoeli, baba, njoo karibu, shika mkono huu. Unaitikia kwa kichwa kila ninalosema. Kaka yako naye alikuwa mtiifu hivi hivi, kila aliloambiwa na wakubwa alilifanya, akapanda... akapanda kwa sababu alishindwa kuwaambia hapana.

Sema, “Jumatatu siendeshi.” Sema kwa sauti, Yoeli, baba yako mdogo asikie.