Mswada Uanzie kwa Nyaduoth

Sogeeni karibu, wanangu, Byron na wewe Jelagat, mzime na hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana nayo. Nyumba hii ya Kanamkemer ni yenu wawili, na mbuzi ni wa mama Akeno aliyenichungia miaka yote bila kunung'unika. Hilo lisiwaletee maneno. Kinachoninyima usingizi ni ule mswada ulio kwenye bahasha, kitabu changu cha mwisho.

Watu wa Lodwar huniuliza hadithi za watoto nazitoa wapi, nami kwa kiburi nimezoea kujibu kwamba ni kipaji. Nimewadanganya. Nilipokuwa mwalimu Kakuma, niliwasomea wanafunzi hadithi yangu ya kwanza, ya msichana anayetoka bombani na mtungi wa lita ishirini kichwani, akiimba njia nzima. Darasa lilinyamaza kwa heshima, ila Nyaduoth, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, miaka kumi tu, alicheka akasema, "Mwalimu, kwani mtungi wake ni mtupu? Ukijaa huimbi, unahesabu hatua."

Nikamfokea mbele ya wenzake, nikamwita mtovu wa adabu. Jioni roho ikanisuta, nikajaza mtungi nikaubeba mwenyewe hadi nyumbani, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimehesabu hatua mia nne na kumi na mbili. Mficha uchi hazai, wanangu; kesho yake nilimwomba radhi, na tangu hapo hakuna hadithi yangu iliyotoka kabla hajaisikia. Lakini jina lake halimo hata katika kitabu kimoja. Namshukuru kuliko ninavyoweza kusema, na ninaona haya.

Byron, najua unataka kuupeleka mswada kwa wachapishaji Nairobi hata kabla sijazikwa. Nakukataza. Panda basi uende Kakuma, Nyaduoth anafundisha huko siku hizi. Msalimie vizuri, ukae, umsomee wote kwa sauti, usiruke ukurasa. Akikukatiza, andika anachosema. Akikubali, jina lake likae na langu kwenye jalada. Akisema haufai, uchomeni, na msimnunie.

Jelagat, niinue kidogo... hapo. Asante, mama. Mmenitunza, sina kinyongo na mtu. Mungu awape miaka, awape watoto, na kati ya wote watakaowasifu, awape mmoja wa kuwacheka mkidanganya... nanyi mmshukuru angali anawasikia.