Aliyegonga Milango ya Pande Zote Mbili za Reli

Ko, ko, ko. Kidole kimoja kilichokunjwa, mara tatu, kisha kimya, kisha viatu vikirudi nyuma kidogo. Ndivyo marehemu alivyogonga kila mlango maishani mwake, hata mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alisema anayefungua ana haki ya kumwona mgeni mzima, kuanzia utosini hadi kwenye soli, ili akiamua kumfukuza, amfukuze mtu aliyemwona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya pili kutoka kwenye geti la reli, upande wa chini. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti. Treni ilipokaribia, alishusha mti, na watu wa upande wa chini na wa upande wa juu wakasimama wakitazamana mpaka behewa la mwisho lipite. Mtoto alikaa kando ya baba yake akikisia kila mtu ni wa upande upi, kwa mwendo wake na jinsi alivyobeba mzigo. Baba hakuupenda mchezo huo. "Usibahatishe watu," alimwambia. "Kawaulize." Mtoto akaenda, akaamkia, akauliza, na watu wazima wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini. Siku hizo swali hilo lilikuwa la kuchekesha.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana ya treni, kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti ya kidato cha nne: "Majibu yake ni sahihi. Apunguze maswali." Hakupunguza. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya takwimu, wa kwanza kupata shahada katika mtaa wake, na dada yake mkubwa, fundi cherehani, alimshonea suti ambayo mkono mmoja ulizidi mwenzake. Aliivaa siku ya mahafali na kuwaambia wenzake kwamba kwa wastani mikono yote ilikuwa sawa. Hapo ndipo jina la Bwana Asilimia lilipozaliwa, na lile la ubatizo likasahaulika.

Aliajiriwa katika ofisi ya takwimu mwaka huohuo, akafanya kazi ya sensa ya mwaka 1988. Katika sensa hiyo aligonga mlango wa nyumba ya kupanga, upande wa juu, akafunguliwa na muuguzi kijana aliyekuwa ametoka zamu.

"Usiku wa kuamkia leo walilala watu wangapi hapa?" aliuliza.

"Mmoja."

"Una hakika?"

"Kaka, hilo umetumwa na serikali uulize, au umejituma mwenyewe?"

Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1990. Kabla ya hapo, kaka wa bibi harusi, mwenye duka la rangi, alimweka kiti moto mbele ya ukoo mzima. Alimuuliza ana uhakika gani kwamba atamtunza dada yao huko chini. Marehemu akajibu, "Tisini na tano kwa mia." "Na hizo tano?" shemeji akauliza. "Hizo ni za Mungu. Mimi siwezi kumwekea Mungu makisio." Wazee walicheka, mahari ikapokelewa, na tangu siku ile shemeji hao wawili walitaniana kama watoto. Marehemu na mkewe walijenga nyumba yao hatua chache tu kutoka kwenye reli, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mtoto wa kiume mwaka 1997.

Mwaka 2001 aliacha kazi ya serikali akafungua ofisi yake ya utafiti wa maoni, vyumba viwili juu ya duka la shemeji yake, ambako harufu ya rangi ilipanda ngazi kabla ya wateja. Uchaguzi wa mwaka uliofuata ulimkuta na wahoji ishirini. Alitangaza kwamba mgombea wa upande wa chini angeshinda kwa mbali. Mgombea huyo alishindwa, tena vibaya. Magazeti ya upande wa juu yaliandika kwamba damu ni nzito kuliko maji. Watu wa upande wa chini walimlaumu zaidi, maana walikuwa wameanza kusherehekea. Dada yake alimwambia, "Wewe mtoto, umetupakulia kabla sufuria haijachemka."

Hakujitetea. Alirudia kazi yote upya, mlango kwa mlango, akaona kosa lake. Wahoji aliwachagua kwa uaminifu wao, na watu aliowaamini walikuwa wale aliokua nao. Wote ishirini walitoka upande wa chini. Mwenye nyumba wa upande wa juu alifungua, akasikia lafudhi, akamtazama mgeni usoni, akampa jibu ambalo mgeni angelifurahia. Hakuwa mwongo. Alikuwa na adabu. Marehemu alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema, "Sikuipika hesabu. Lakini wapishi wote niliwatoa nyumbani." Mmoja akamuuliza kama basi mtu wa upande wa chini anaweza kweli kupima nchi nzima. Akajibu, "Anaweza, akikumbuka kila asubuhi kwamba ni wa upande wa chini. Akisahau, asitoke nyumbani."

Tangu hapo wahoji wake walikwenda wawili wawili, mmoja wa kila upande, wakigonga pamoja na kuuliza kwa zamu. Watu waliwaita mapacha. Mapacha hao walishirikiana mwavuli, maji ya kunywa na mbwa wakali. Walipomaliza nyumba, waliweka nukta ndogo ya chaki pembeni mwa mlango ili pasigongwe mara mbili. Katika chaguzi tatu zilizofuata, makisio ya ofisi ile yalikaribia matokeo kiasi kwamba wanasiasa walianza kumtembelea. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza, akawasindikiza hadi ngazini. Mgombea aliyempenda yeye mwenyewe hakuna aliyepata kumjua, hata mkewe. "Nimelala naye miaka thelathini," mkewe alizoea kusema, "na kura yake ililala katikati yetu imejifunika shuka."

Mwezi Januari mwaka huu marehemu aligundulika na ugonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa juma, na siku nyingine alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na utafiti wa mwisho ulikuwa haujafanyika.

Mwezi wa Aprili, kijana mmoja wa upande wa chini, aliyetembea na pacha wake wa upande wa juu kwa chaguzi mbili, alirudi ofisini peke yake, akafunga mlango.

"Mzee, sitaki kuonekana naye tena."

"Amekukosea?"

"Hajanikosea kitu. Ndiyo maana nakwambia humu ndani, siyo barabarani."

Baada ya nusu saa pacha wake huyo, dada wa upande wa juu, naye akapanda ngazi, akasema hayohayo, akilia. Hadi mwisho wa juma ofisi haikuwa na mapacha hata wawili. Kila mmoja alikuwa tayari kwenda upande wake tu. Marehemu aliwatazama wahoji wake wakiwa wamekaa katika vyumba viwili, chumba hiki upande huu, chumba kile upande ule, na hakuna aliyewapangia.

Hapo binti yake akasema, "Baba, mimi ni pacha peke yangu. Nitume."

Marehemu alikataa. Mkewe alikataa kwa sauti kubwa zaidi. Binti akachukua chaki akatoka.

Upande wa juu, mama mmoja alifungua mlango bila kuondoa mnyororo. "Kabla sijakujibu, wewe ni wa wapi?"

"Wa pande zote mbili, mama."

"Hakuna pande zote mbili, mwanangu," yule mama akasema, tena kwa upole, akafunga.

Upande wa chini mzee mmoja alimkaribisha kiti, akampa maji, akamuuliza kwa nia njema kabisa, "Siku hiyo ikifika, utakimbilia wapi? Kwa mama au kwa baba?"

Karibu nusu ya milango ilimuuliza yeye kwanza. Alimweleza baba yake jioni, naye marehemu, aliyekuwa amelala, aliketi. Kwa miaka yote hiyo, alisema, watu walikuwa wakimtazama mhoji ili wajue la kumjibu. Sasa walimtazama ili wajue la kumfanya.

Hesabu zilipokamilika, mgombea wa upande wa chini alikuwa mbele kwa alama mbili tu, pungufu ya kile ambacho mtaalamu yeyote angethubutu kukiita kuongoza. Dada yake alikuja akakaa kitandani. "Itoe, mdogo wangu. Mara hii usituangushe." Shemeji yake alisimama mlangoni. "Ukiitoa watasema ni damu yako iliyoandika. Wataanza na duka langu, shemeji, na unajua rangi inavyowaka." Hao wawili, waliocheza pamoja kwenye harusi ile, hawakusalimiana.

"Mnagombea alama mbili," marehemu aliwaambia. "Mimi naogopa ile nusu ya milango."

Alitoa ripoti tarehe 20 Mei. Ukurasa wa kwanza aliuandika mwenyewe, kuhusu milango. Alama mbili aliziweka ukurasa wa mwisho, pamoja na maelezo kwamba hazitoshi kumtangaza yeyote. Redio na magazeti yakafungua ukurasa wa mwisho. Jioni ile upande wa chini walipiga honi hadi giza likaingia, na upande wa juu walizima taa mapema.

Siku chache baadaye watu walianza kuona chaki kwenye milango ambayo ofisi ya marehemu haikuigonga. Haikuwa nukta. Ilikuwa mstari, umelala kwenye nyumba nyingine, umesimama kwenye nyingine. Hakuna aliyewaona walioichora. Nyumba ya marehemu ilikutwa na mistari yote miwili. Mkewe aliifuta kwa kitambaa kibichi. Kesho yake asubuhi ilikuwa imechorwa upya, minene zaidi.

Marehemu alilazwa tarehe 2 Juni, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Juni, wiki tatu kabla ya kupiga kura. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuuliza ni wa wapi. Inawashukuru pia nyote mliofika leo, mlioketi chini ya turubai hili na mlioketi chini ya lile.

Ameacha mjane, binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa, shemeji yake, na wahoji wake wa zamani, ambao leo wamebeba jeneza lake, watatu kushoto na watatu kulia. Mungu ampokee mlangoni kwake bila kumsimamisha, na udongo huu, usio na upande, umlaze salama.

Binti yake ameomba jambo moja lisomwe kama lilivyosemwa, mbele yenu wote, kwa kuwa marehemu hakuwahi maishani kutabiri lolote ambalo hesabu hazikumwonyesha. Jioni ya mwisho mkewe alikuwa upande mmoja wa kitanda, dada yake upande wa pili, na hawakuwa wakizungumza. Marehemu alimwita binti kwa kidole. Binti aliinama mpaka sikio likagusa midomo, maana sauti ilikuwa imekwisha.

"Siku ya kura, mwanangu, mchukue mama na mdogo wako. Msilale nyumbani."